Nduthi si ya stejini pekee: Mwaka wetu wa Magadi, Kerio na Moyale

JUMAMOSI alfajiri, kuna kituo kimoja cha petroli kando ya Thika Road ambacho hugeuka kuwa steji ya aina yake. Pikipiki nne tano zimeegeshwa, mabegi yamefungwa nyuma kwa mipira, huyu anajaza upepo, yule anamalizia mandazi na chai. Mhudumu wa pampu ameshazoea vituko vya watu hawa. Zamani alikuwa akiuliza wanapeleka mzigo gani. Siku hizi anauliza tu: "Leo ni wapi?"

Mwaka uliopita jibu letu lilikuwa Magadi, likawa Iten, mwishowe likawa Moyale.

Ukitazama video za safari za pikipiki mtandaoni, unaweza kudhani mchezo huu ni wa watu wenye pesa ndefu. Utaona mashine za 1,200cc zenye masanduku ya alumini kila upande, jaketi ya bei ya ploti na kamera juu ya helmeti. Ni mashine tamu, sikatai. Lakini hata ile 150cc unayoiona stejini ikibeba kreti za soda inaweza kukata masafa, tena vizuri. Boxer hubeba lita 11 hivi kwenye tangi. Ukiiendesha kwa heshima, kilomita 40 kwa lita ni kitu cha kawaida. Piga hesabu mwenyewe: tangi moja linakuvusha zaidi ya kilomita 400, na kutoka Nairobi hadi Isiolo ni kama 280 tu.

Mbogi yetu ni ya watu wanne, wote wa Eastlands. Kuna mimi na Boxer yangu. Kuna fundi wa simu ambaye huamini kila shida inatatulika kwa kuongeza mwendo. Kuna nesi, dada wa miaka 29, mwenye 250cc ya mtumba ya Kijapani, na ndiye anayetuzidi sote kwa mkono. Na kuna mwanaboda, ambaye kwa kweli habari hii ni yake zaidi kuliko yetu. Wote wameomba majina yao yabaki mtaani.

Mwanaboda amebeba abiria kwa miaka minane. Siku moja tulimpigia hesabu kwa mzaha: kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, mara minane. Jibu likawa kilomita 240,000. Kuizunguka dunia ni kilomita 40,000. "Kumbe nimezunguka dunia mara sita," akasema, "na sijawahi kutoka Eastlands." Alikuwa anatia chumvi kidogo, maana Thika alikuwa amefika. Lakini safari yake mwenyewe, isiyo na abiria wala bahasha ya mtu, hakuwa ameifanya hata moja.

Magadi ndiyo ilikuwa ya kwanza, mwezi wa Februari. Ni kama kilomita 110 kutoka katikati ya jiji, kwa hivyo unaenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ukishapita Kiserian unafika Corner Baridi, na jina halidanganyi: upepo wa hapo unaingia hadi kwenye mifupa. Halafu barabara inaanza kuporomoka kuelekea Bonde la Ufa, na kila baada ya dakika chache unafungua zipu ya jaketi kidogo. Ukifika chini joto limekushika koo. Fundi alitaka tusimame Olepolos kwa nyama choma. Nesi akakataa katakata. Nyama ni ya wakati wa kurudi, alisema. Mtu aliyeshiba kwenye jua kama lile husinzia mkono ukiwa kwenye klachi. Tulipita Olorgesailie, palipo na yale mashoka ya mawe ya watu wa kale, na mwisho ziwa likatokea, jeupe na waridi kama ubao uliopakwa rangi nusu nusu. Magadi imekuwa ikichimbwa hapo kwa zaidi ya miaka 100.

Mwanaboda alizima injini akasimama kando ya maji muda mrefu. Nilimuuliza anawaza nini. "Tangu asubuhi," akasema, "hakuna mtu ameniuliza hapa hadi pale ni ngapi."

Pasaka tukaenda Iten. Sitaongea sana kuhusu barabara ya Nairobi hadi Nakuru, maana sioni mtu akiipenda. Malori yamefuatana kama mkufu, matatu inapita mahali pasipo na nafasi, na wewe mwenye magurudumu mawili unasukumwa hadi kwenye changarawe. Watu hutuuliza kama hatukuogopa jangwa. Mimi huwaambia jangwa halikunitisha hata nusu ya ule mteremko wa kutoka Kinungi kwenda Naivasha.

Lakini Iten, manze! Mji uko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, wakimbiaji wanakupita kando ya barabara wakiwa hawahemi, halafu ghafla ardhi inakatika. Chini yako ni Bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 chini, na lami inajipindapinda kupitia Tambach hadi Biretwo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Hapo ndipo nesi alipotusimamisha sote kabla ya kona ya kwanza na kumgeukia mwanaboda.

Unajua ile tabia ya stejini ya kuweka nyutro kwenye mteremko ili kuokoa mafuta? Mwanaboda alikuwa akiifanya tangu Eldama Ravine. "Kaka, hapa hapana," nesi alimwambia. "Ukiweka nyutro, breki inafanya kazi peke yake. Ikishapata moto itakuacha." Akamwelekeza: gia ya tatu, mara nyingine ya pili, injini ikushike yenyewe, breki uguse kabla ya kona, si ndani ya kona, na macho yaangalie pale unapotaka kutokea, si pale unapoogopa kuanguka. Yeye hufanya kazi katika wodi ya majeruhi. Akisema kitu kuhusu breki, watu hunyamaza.

Tulivuka mto pale Chebloch, ambapo Kerio unapita katikati ya kuta za mawe na vijana wa huko hupiga mbizi kutoka juu, kisha tukapanda hadi Kabarnet. Nikiulizwa ni siku gani mwaka jana niliendesha vizuri zaidi, nitasema ni hiyo. Kona moja inakukabidhi kwa nyingine. Kurudi tulipitia Marigat na Mogotio, tukavuka ikweta bila hata kusimama, kwa sababu mvua ilikuwa inatufuata nyuma.

Sasa tuje Moyale.

Wazo lilikuwa la fundi. Tangu Januari kila mmoja wetu alikuwa anaweka Sh500 kwa wiki, na kufika katikati ya Agosti kila mtu alikuwa na Sh16,000. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 1,580, yaani kama lita 40 za petroli. Kwa bei ya Sh185 hivi kwa lita, hiyo ni Sh7,400. Gesti za Sh700 kwa siku sita ni Sh4,200. Chakula cha Sh500 kwa siku saba, Sh3,500. Inabaki Sh900 ya tubu ya akiba na oili ya mnyororo. Nesi alijua kuwa 250cc yake ingekunywa zaidi, akaongeza zake. Si pesa kidogo kwa kijana wa mtaa, lakini pia si ile milioni watu hufikiria.

Kwa mwanaboda hesabu haikuishia hapo. Pikipiki yake ilikuwa ya mkopo, na kila jioni alikuwa analipa Sh450. Ilikuwa imebaki miezi minne. Wiki nzima bila kazi ilimaanisha wiki nzima bila kitu mfukoni, na mkopo haujui likizo. Alifanya nini? Kwa miezi miwili alifanya kazi hadi saa sita usiku, akalipa siku saba mapema, Sh3,150 zote kwa mpigo. Ndipo akatuambia yuko tayari.

Siku ya kwanza ilienda vizuri. Sagana, Karatina, Nanyuki, halafu Timau, na Mlima Kenya upande wa kulia ukiwa umevua mawingu yake. Ukianza kuteremka kuelekea Isiolo, Kaskazini yote inajitandaza mbele yako, kahawia na bluu, na unahisi kama Kenya uliyofundishwa shuleni ilikuwa nusu tu.

Siku ya pili tulikuwa tumepita Archers Post, tukisimama kupiga picha ya mlima Ololokwe, simu ya mwanaboda ilipolia. Ilikuwa kampuni iliyomkopesha. Pikipiki nyingi za mkopo huwa na traka, kile kifaa kidogo kinachoonyesha chombo kiko wapi, na mwenye kukopesha anaweza hata kuzima injini akiwa ofisini Nairobi. Kijana wa upande wa pili aliongea kwa adabu lakini bila mzaha. Pikipiki inaonekana Samburu. Iko na nani? Inaelekea wapi?

"Iko na mimi. Inaelekea Moyale."

Kimya. Halafu: Moyale kufanya nini?

Jaribu kujibu swali hilo ukiwa umesimama juani, na anayekuuliza ana uwezo wa kuzima pikipiki yako. Kutembea? Mwanaboda huenda kutembea Moyale? Na kwa upande wao, tusiwe watu wa kulaumu tu, walikuwa na hoja: pikipiki zinazoibwa Nairobi mara nyingine huishia ng'ambo ya mpaka, na hii yao ilikuwa inakwenda mpakani moja kwa moja. Mazungumzo yalichukua karibu nusu saa. Aliwatumia picha yake akiwa na namba ya pikipiki, akawaonyesha kuwa amelipa hadi Jumapili. Mwisho wakakubaliana nusu: aende hadi Marsabit, na kila jioni atume picha. Mpakani, hapana.

Fundi alikasirika. Alisema twende tu, watafanya nini? Mwanaboda akavaa helmeti yake polepole. "Watazima. Halafu niisukume kilomita 250 na nani?"

Hakuna aliyeongea sana hadi Laisamis.

Marsabit huwashangaza wageni. Unatoka kwenye jua na mchanga, halafu mlima wenye msitu unatokea na asubuhi yake ina ukungu kama Limuru. Ndiko alikoishi Ahmed, yule ndovu wa pembe ndefu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya rais. Alikufa mwaka wa 1974 na sanamu yake iko Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Mwanaboda alisema angebaki hapo atusubiri siku mbili. Nesi hakutaka kusikia. Alifungua begi lake, akanirushia mimi nusu ya vitu vyake na fundi nusu nyingine, akaonyesha kiti cha nyuma. "Wewe umebeba watu miaka minane. Kesho utabebwa."

Mama mwenye gesti aliifunika Boxer kwa turubai nyuma ya jikoni. "Wacha hapa, mwanangu," akamwambia. "Haitoki bila mimi kuona."

Kutoka Marsabit hadi Moyale ni kama kilomita 250, na sehemu kubwa ya kwanza ni jangwa la Dida Galgalu. Kabla lami haijakamilika katika mwongo uliopita, hii ilikuwa barabara ya malori yaliyokwenda kwa msafara yakisindikizwa na polisi, na mtu angeweza kulala njiani. Sasa ni asubuhi moja. Pande zote mbili ni mawe meusi yaliyosambaa hadi macho yanachoka, hakuna mti, na upepo unakupiga ubavuni hivi kwamba unaendesha kilomita nyingi pikipiki ikiwa imeinama. Ngamia wanavuka bila haraka. Ukipiga honi wanakuangalia kama mtu asiye na adabu.

Nyuma ya nesi, mwanaboda hakuwa na raha hata kidogo. Nilikuwa ninamwona ameshika kile chuma cha nyuma kwa mikono miwili. Tuliposimama Turbi alishuka miguu ikitetemeka. "Sista, ulikuwa unaenda ngapi?" Nesi akamwambia sabini. "Mimi hubeba watu kwa themanini Jogoo Road," akasema, "na wengine wamebeba watoto." Alikunywa maji. "Sikujua kutoka huku nyuma lami huonekana hivi."

Hapo hapo Turbi tukagundua tairi ya nyuma ya nesi imekula msumari. Mimi na fundi bado tulikuwa tunatafuta spana, mwanaboda alikuwa ameshachomoa gurudumu. Dakika ishirini, pancha imezibwa. Vijana waliokuwa wamekusanyika kutazama walimpigia makofi, na nadhani ndio wakati pekee siku hiyo alipocheka.

Moyale ni mji uliokatwa na mpaka katikati, Kenya huku na Ethiopia kule, na watu ni wale wale. Hatukuvuka, kwa sababu pikipiki kuvuka mpaka huhitaji karatasi zake na hatukuwa nazo. Lakini injera inapatikana upande wetu pia, na kahawa ile ya kuchemshwa mbele yako huwezi kuipata Nairobi kwa bei ile. Mwanaboda alimpigia mamake.

"Uko wapi?"

"Moyale, mama."

"Umefuata nini huko?"

Alicheka, akashindwa kujibu. Mwishowe akasema, "Nimekuja kuona."

Tulirudi Marsabit siku ya tano, tukafika saa kumi alasiri. Fundi, kama kawaida yake, alipiga hesabu: Isiolo ni kilomita 260, tukitoka sasa tunafika saa tatu usiku, tunaokoa pesa za gesti. Mimi nilikuwa karibu kukubali. Aliyekataa ni yule ambaye sote tulidhani usiku haumtishi. Mwanaboda tayari alikuwa ameitoa Boxer yake chini ya turubai na alikuwa anapaka mnyororo oili. Hakuinua hata kichwa.

"Mimi huendesha usiku kila siku kwa sababu nisipoendesha silali nimekula. Leo nimekula. Siendi."

Ngamia wa kahawia, usiku, kwenye lami nyeusi, hana taa ya nyuma. Zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka katika barabara za nchi hii, na waendeshaji pikipiki ni miongoni mwa wanaokufa kwa wingi zaidi. Tulilala Marsabit. Ilitugharimu Sh700 kila mmoja.

Kulikuwa na safari nyingine mwaka huo, lakini hazikuwa zetu sote. Mnamo Oktoba nesi alienda Loiyangalani na wanawake wengine wawili, kupitia ile barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis hadi Sarima iliyokarabatiwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo. Mitambo 365 imesimama pale, na haikuwekwa kwa bahati: upepo hupita kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru kama kwenye bomba. Anasema mara mbili upepo ulimhamisha kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine bila ruhusa yake. Na anasema Ziwa Turkana linapotokea mbele yako, kijani kibichi katikati ya mawe yaliyoungua, unasahau kuwa mikono inauma. Nina wivu hadi leo.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni mfupi. Anza na Magadi, si Moyale. Tubu ya akiba, pampu na spana zako ni muhimu kuliko kamera. Beba maji zaidi ya unavyodhani utahitaji. Huko Kaskazini uliza wenyeji na polisi kuhusu usalama kabla ya kutoka mjini, kila asubuhi, hata kama uliuliza jana. Hakikisha leseni na bima ziko sawa. Maafisa wa trafiki wa Isiolo hawana habari na stori zako za Instagram. Na kama chombo ni cha mkopo, waambie wenyewe mapema unakokwenda, kwa maandishi.

Mwanaboda siku hizi ana helmeti mbili. Sheria imekuwa ikitaka hivyo siku zote, lakini sote tunajua steji zetu zilivyo. Ile ya pili aliinunua wiki tuliyorudi kutoka Moyale, na abiria akikataa kuivaa anamwambia ashuke atafute mwingine. Wenzake wanamcheka. Amepoteza wateja kadhaa, na mama mmoja mwenye mtoto wa shule amekuwa mteja wake wa kila asubuhi.

Desemba alimaliza mkopo. Wiki jana, saa nne usiku, alituma picha kwenye grupu yetu ya WhatsApp. Ilikuwa logbuku, na jina lililoandikwa humo lilikuwa lake. Hakuandika neno. Baada ya kama dakika kumi ujumbe ukaingia:

"Marsabit hadi Moyale ni 250, si ndio?"

Nesi, aliyekuwa zamu ya usiku, akamjibu: "Kwenda tu. Kurudi ni 250 zingine."

Jumatatu iliyofuata, Sh500 yake ya kwanza ilikuwa imeingia.